Jicho la Juu ya Kitanda

Jina la Fundi Shoti alilipata ujanani, siku aliyounganisha nyaya za mteja vibaya akauzima mtaa mzima. Tangu hapo amezeeka, ameingiza umeme nyumba zisizo na idadi, na kazi yake haina kasoro, lakini jina limegoma kumbanduka. Kwake mwenyewe, kama ilivyo kwa mafundi wengi, mambo yalikuwa aibu tupu. Swichi ya chumba cha kulala ilikuwa nyuma ya kabati. Ukitaka taa, uchomeke mkono huko nyuma na kupapasa kama unatafuta panya. Mkewe alilalamika miaka na miaka, na Shoti akampiga kalenda miaka na miaka.

"Wiki ijayo, mama watoto."

Wiki ijayo ilikuja kufika mkewe akiwa hawezi tena kusimama.

Alikuwa mshonaji, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Ganzi ilimwanzia kwenye vidole vya miguu, akadhani ni kukaa sana kwenye cherehani. Ikapanda magotini, ikapanda kiunoni, ikaanza kuchungulia mikononi. Daktari hakuzunguka. Alisema inapanda, haishuki, na dawa alizoandika ni za kupunguza maumivu tu. Shoti aliuliza swali lilelile mara tatu kwa maneno tofauti, akapata jibu lilelile.

Walipofika nyumbani mkewe aliangalia kabati, akaangalia alipolazwa, akasema, "Sikia, baba watoto. Maji nitaomba. Chakula nitaomba. Chooni binti yako atanipeleka, na aibu nitaimeza. Ila taa nataka niwashe mwenyewe. Giza likiingia nisianze kuita watu kama mtoto."

"Nitakuwekea swichi hapo kando."

"Ya kubonyeza kwa kidole gani? Hivi vidole mbona sivisikii?"

Kesho yake Shoti alirudi na swichi mbili mpya. Moja ilikuwa dima, ile ya kuzungusha ili taa ipungue au iongezeke, maana mwanga mkali ulimuumiza mke wake macho. Ya pili ilikuwa sensa, kijicho cheupe cha kufunga darini, kinachowasha taa kikiona mtu anajongea na kuizima kisipoona kitu. Alizima umeme kwenye meni, swichi kuu ya nyumba, akapanda ngazi, akafanya kazi kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Na haraka ikamponza. Aliitundika sensa kwenye waya uleule wa dima, kosa ambalo angemtukania mwanafunzi wake. Alipowasha, taa ilianza kutetemeka, ikawa yawaka, yazima, yawaka, yazima.

"Tunafungua ukumbi wa disko?" mkewe aliuliza kutoka kitandani. "Ungesema mapema nishone gauni."

Walicheka mpaka binti yao akaja mbio kutoka jikoni. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha kweli kilichosikika chumbani humo.

Dima akaihamishia sebuleni, na chumbani akafunga balbu yenye mwanga wa upole. Kisha akagundua tatizo jingine. Kila aliyeingia chumbani, jicho lilimwona na taa ikawaka. Mkewe akanuna.

"Sasa hiyo taa yangu au ya wageni?"

Basi Shoti akapanda tena, akakata utepe mweusi wa nyaya, akaliziba jicho pande zote, akaacha upenyo mdogo unaotazama kitanda tu. Ukisimama mlangoni halikuoni. Ukikaa kwenye kiti halikuoni. Lilimwona yeye peke yake.

Mwanzo ilikuwa raha. Giza likibisha hodi, mkewe alinyanyua mkono wa kushoto, taa ikawaka, naye akatabasamu kama mtu aliyewasha mji. Baadaye mkono ukawa haufiki juu. Shoti akapanda ngazi, akaongeza ukali wa jicho kwa bisibisi. Mkono ukawa unainuka shubiri moja tu. Akaongeza tena, na akaongeza muda wa taa kukaa bila kuzima. Ikafika siku bisibisi iligota. Hapakuwa na kuongeza tena. Alibaki juu ya ngazi ameshika dari, na chini mkewe akamuuliza, "Tayari?"

"Tayari," alisema.

Tangu siku hiyo taa iliwaka mara chache, kisha ikawa haiwaki kabisa. Mkewe alisema ni mawingu, alisema jicho limeingia vumbi. Hakuita mtu. Binti akiingia humkuta gizani, macho wazi.

"Baba, ondoa hicho kidude," binti alimwambia koridoni kwa sauti ya chini. "Kinamtesa."

"Nikikiondoa nitamwambia nini?"

Jioni moja Shoti alikuwa anarudi kutoka kazini, begi la vifaa begani. Alipokata kona aliona dirisha lao linang'aa. Alisimama. Kisha akakimbia, na umri ule, bisibisi zikigongana ndani ya begi. Imewaka! Mkono umerudi! Daktari anajua nini?

Aliingia akihema. Mkewe alikuwa amelala uso umeelekea dirishani, kama binti alivyomgeuza.

"Umeiona?" mkewe alisema, sauti imejaa fahari. "Nimeiwasha mwenyewe."

"Nimeiona tangu njiani, mke wangu!"

Hapo ndipo paka wa jirani alipoibuka juu ya kitanda, upande wa miguu, akajinyoosha, akaruka chini na kwenda zake mlangoni.

Shoti aliketi kwenye kiti. Alilitazama jicho, akawa anaiomba taa isizime, yeye fundi mzima, anaiomba taa. Muda wake ulipokwisha ikazima.

"Usiinuke," mkewe alisema. "Ngoja niwashe."

Nje palikuwa na mwanga kidogo wa jioni, wa kutosha kuona mkono wa kushoto juu ya blanketi. Ulikuwa umelala. Shoti aliutazama bila kupepesa, akaukodolea macho mpaka yakamuuma. Haukutikisika hata kidole.

"Nimeinua," mkewe alisema. Akangoja. "Baba watoto, nimeinua. Haijaona?"

Shoti aliinama taratibu ili kiti kisilie, akapenyeza mkono wake mwenyewe juu ya kitanda, nyuma ya mgongo wa mkewe, akaupunga.

Taa ikawaka.

"Umeona?" mkewe aliuliza.

"Nimeona," Shoti alisema, mkono bado uko juu. "Umeuinua vizuri sana."