Msiba Tuliomsusia Tajiri wa Timu

Enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili vya dunia, cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza cha duka la Mwarabu mmoja pale Kariakoo, nyuma kidogo ya soko. Nafasi ile alinipa bure. Mtaa mzima tulimwita Ami, na ndiye aliyekuwa tajiri wa timu yetu ya mpira. Mpira ukipasuka ananunua mwingine. Jezi zikichakaa anashusha jora la kitambaa, ananitupia mapajani na kusema, "Haya fundi, wavishe wanao." Kwa hiyo kibaraza chake ndicho kilichokuwa bunge la mashabiki, na mimi, kwa kuwa sikuondoka pale kutwa, nilijiona kama spika wa bunge lenyewe.

Nyuma ya pazia la duka aliishi mama yake Ami. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona uso. Tuliujua mkono wake tu. Tukirudi kutoka uwanjani, pazia linafunguka kidogo, mkono wenye hina unatoka na sinia ya kahawa na tende, na sauti inauliza, "Mmewafunga?" Tukijibu tumefungwa sisi, anasema, "Basi kunyweni hivyo hivyo." Tulimwita Bi Mkubwa, na kahawa yake tuliinywa miaka.

Timu ilifundishwa na mtu wa Ilala aliyekuwa akifanya kazi katika karakana moja ya vyuma karibu na bandari. Mchana anagonga vyuma, jioni yuko uwanjani Jangwani na vijana wetu, peku kama wao, anawaonyesha namna ya kutuliza mpira. Tulimpenda mwalimu yule kupita kiasi. Msimu wake wa mwisho alianza mtindo mpya. Alikuwa akisimama kando ya uwanja ubavuni kwangu, mikono nyuma, na mpira ukipigwa ananiuliza, "Fundi, nani kapiga ule?" Namtajia. "Umeenda wapi?" Namwambia. Nilidhani ananipima kama naujua mpira. Nikirudi mtaani najigamba kwamba mwalimu hafanyi jambo bila kuniuliza mimi, na wenzangu wananicheka, lakini kwa wivu.

Alasiri moja Ami alitoka dukani, akasimama mbele yetu huku akizungusha tasbihi kidoleni.

"Mwalimu hatafundisha tena," alisema. "Nimeamua mimi. Msiniulize."

Akarudi ndani. Kibaraza kikalipuka.

"Kaamua yeye!" alisema muuza samaki, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye sauti yake ilizoea kushindana na soko zima. "Yeye nani? Mpira anaujua? Huyu hata kona haijui inapigwa kwa nini!"

"Taratibu, bwana," alisema seremala, mtu mzima kuliko sisi wote. "Mpira wake, jezi zake."

"Jezi zake, na miguu ya nani? Vijana wetu ndio wanaokimbia! Akimbie yeye basi na tumbo lile!"

Watu wakacheka. Kisha kukazuka la mpwa. Ami alikuwa na mpwa wake kutoka Unguja, kijana mwenye mbio lakini asiye na akili ya mpira, na mwalimu alikuwa akimkalisha nje kila mechi. Muuza samaki akasema ndiyo hiyo, hakuna jingine, mjomba kaona mpwa anadhalilishwa kamfukuza mwalimu. Seremala akasema hayo ni ya kukisia. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Si ya kukisia," nilisema. "Mimi nimesikia kwa masikio yangu."

Kweli nilikuwa nimesikia. Siku mbili tatu kabla yake nilikuwa nashona, na ndani ya duka walikuwa mwalimu na Ami. Nilimsikia Ami akisema kwa sauti ya juu, "Hapana, sikubali!" na mwalimu akimbembeleza, "Nakuomba, Ami, nakuomba." Basi. Hayo ndiyo niliyoyasikia. Mengine niliyashona mwenyewe. Niliwaambia mwalimu alikuwa akiomba asifukuzwe, na kwamba mpwa alitajwa. Mpwa hakutajwa. Lakini watu wote walikuwa wamenigeukia, kahawa imepoa mikononi mwao, na mtu akisikilizwa namna ile ni vigumu kuishia njiani.

Muuza samaki alikwenda Ilala kumuuliza mwalimu mwenyewe. Akarudi na jibu moja: "Alivyosema tajiri ndivyo." Tukaona mtu kaumia hataki kusema. Hata seremala akaacha kubisha.

Mechi iliyofuata tulifungwa vibaya, na jioni ile tukakata shauri: tumsusie. Tungeweza kuacha kununua dukani kwake, lakini hilo lisingemuuma sana, wateja Kariakoo hawaishi. Kwetu pwani ukitaka kumuumiza mtu unamsusia shughuli zake. Harusi yake hatuendi, maulidi yake hatuendi, msiba wake hatuendi. Tulilisema kila mmoja kwa zamu, tena kwa wallahi. Mimi nikaona haya kuendelea kukaa kibarazani kwake, nikaamua kuhamishia cherehani kwa muuza samaki, ng'ambo ya pili.

Cherehani ya miguu ni nzito. Nilikuwa naiburuta peke yangu barabarani, wenzangu wananitazama, Ami akatoka dukani. Hakuuliza naenda wapi. Akashika upande wa pili.

"Nyanyua vizuri, fundi," alisema. "Isije ikakuangukia mguuni."

Akanisaidia mpaka ng'ambo, akaiweka pale nilipoonyesha, akarudi dukani kwake. Ningekuwa na akili siku ile ningerudi naye. Nilichofanya ni kutia uzi kwenye sindano.

Haukupita muda, Bi Mkubwa akafa. Alikufa alfajiri, na kulipokucha habari ilikuwa imezagaa mpaka Ilala. Mke wangu alijifunga kanga zake, akachukua sufuria letu kubwa kwa ajili ya kupikia waombolezaji. Mlangoni akageuka.

"Wewe huendi?"

"Tumesusa," nilimwambia.

"Mmesusa mpira au mmesusa maiti?"

Akaenda zake. Wanawake wa mtaa walikwenda wote. Sisi wanaume tulikaa kwenye kibaraza cha muuza samaki tukitazamana. Si kwamba hatukuwa na wasiwasi. Mmoja akasema kumzika Mwislamu ni fardhi kifaya, wakienda wachache wengine wote wamesamehewa. Tukaishika ile kama mtu anavyoshika mwavuli wa kuazima. Fardhi kifaya, jamani, fardhi kifaya. Tulilirudia sana neno hilo asubuhi ile, mpaka seremala akatuomba tunyamaze.

Msomaji ambaye hajakulia kwetu nimweleze jambo moja. Jeneza likipita mtaani, aliyekaa anasimama. Kisha anateremka, analifuata, anamgusa begani mmoja wa wabebaji, naye anampisha. Unabeba hatua chache, unaguswa na wewe, unampisha mwingine. Jeneza linaelea juu ya watu mpaka makaburini, wala hakuna mtu linayemlemea. Hata usiyemjua unambeba. Nimewahi kumbeba mtu ambaye jina lake niliuliza kaburini.

Basi likatoka lile la Bi Mkubwa, na sauti ya La ilaha illa Llah ikiwa nyembamba, ya watu wachache. Mbele alikuwa mpwa na muadhini. Walifuata wenye maduka wawili, watu wazima, wenye pumzi fupi. Nyuma, mti wa kulia wa jeneza ulikuwa begani kwa Ami. Na kwenye mti wa kushoto, ubavuni kwake, alikuwa mwalimu.

Sisi tumesusa kwa ajili yake, naye ndiye anayebeba.

Tulisimama wote, kama ada. Mimi niliteremsha mguu mmoja kwenye ngazi. Mguu wa pili ukabaki juu. Niliwatazama wenzangu, nao walikuwa wananitazama mimi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja kiapo chake. Jeneza likafika usawa wetu. Barabara ilikuwa mbovu kwa mvua, imejaa madimbwi na mawe. Hapo ndipo tulipomsikia Ami, sauti imekauka kwa kulia, akisema katikati ya dhikri:

"Shimo, mwalimu. Kushoto kwako. Pita huku." Kisha, "Jiwe mbele. Nyanyua mguu."

Mwalimu akanyanyua mguu. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama upande wetu moja kwa moja, wala hayakututambua.

Nani kapiga ule, fundi? Umeenda wapi? Yote yalinirudia pale ngazini. Msimu mzima mtu yule alikuwa akiona kwa macho yangu, na mimi nilikuwa nikijigamba.

Sasa ndipo nilipopaswa kukimbia. Nilijua, na miguu ninayo. Lakini hasira iliyonikalisha mwanzo ilikuwa imeondoka, na nafasi yake imeshikwa na aibu, nayo aibu ni nzito zaidi. Ningemgusaje Ami begani? Ningemtazama vipi? Nikausogeza ule mguu wa ngazini ukarudi juu. Jeneza likakata kona ya soko, na sauti ikapotea.

Tulikwenda siku ya hitma, kundi zima, kofia mpya vichwani. Ami alitupokea kama aliyetuona jana. Mwalimu alikuwa amekaa mkekani, na alipozisikia sauti zetu akatueleza mwenyewe, bila kuulizwa. Macho yalianza kumfifia mwaka ule. Habari ikifika karakana, kazi hana, na watoto anao. Akamwomba Ami amwondoe kwenye timu na aseme kaamua yeye, ili watu waulize lolote lingine lakini wasiulize habari ya macho. Ami alikataa. Alisema atampatia mtu wa kumsaidia, atulie. Mwalimu akambembeleza mpaka akakubali. Sasa karakana wamekwisha kumwona akipapasa, wamemwachisha kazi, hakuna tena cha kuficha.

"Nilimwambia watakutukana," alisema mwalimu. "Akasema watachoka."

Muuza samaki alilia waziwazi, akaomba radhi kwa sauti yake ile ile ya sokoni. Ami akamshika mkono, akasema yamekwisha. Seremala naye akaomba radhi, na yeye ndiye aliyekuwa na makosa machache kuliko sote. Mimi nilitaka kusema kwamba mpwa hakutajwa. Niliyapanga maneno yote, nikayafikisha kooni. Sinia ya kahawa ikapita, kaileta mtu mwingine, nikanywa.

Kesho yake nilirudisha cherehani. Nafasi yangu kibarazani ilikuwa tupu na imefagiliwa. Hakuna gunia lililowekwa, hakuna fundi mwingine aliyepewa. Nilikuwa bado sijakaa sawa, Ami akatoka na kanzu nyeupe mkononi.

"Fundi, nitazamie hii."

Niliikunjua. Ilikuwa imechanika begani, bega la kulia, na kitambaa kimelika pale pote mti wa jeneza ulipokaa. Nimeshona kanzu tangu ujana. Zinachanika kwapani, zinachanika pindoni, zinaungua kwa pasi. Ya mfiwa haichaniki begani, kwa kuwa watu huwa wanampokea. Ile ilibeba kutoka mlangoni mpaka kaburini, na hakuna aliyemgusa.

Niliitia kiraka kwa mkono, si kwa cherehani, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mshono mdogo mdogo. Ijumaa Ami aliivaa kwenda msikitini. Alipita mbele yangu, akaligeuza bega kulitazama.

"Mkono wako mzuri, fundi," alisema. "Kiraka hakionekani hata kidogo."

Mimi nilikuwa nakiona kila Ijumaa.