Kofia Juu ya Swichi Kuu

Hafla ya kuwaheshimu mafundi umeme wazee wa mtaa wetu ilikuwa njama. Niliipanga mimi mwenyewe, nikisaidiwa na adui mkubwa wa baba yangu. Paroko alitoa ukumbi, mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, akatoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba iwe ndefu kiasi kile, kina mama wa kwaya wakakaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, na wote hao walidhani tumekutana kushukuru. Tulikuwa tunashukuru, sikatai. Lakini nilichotaka mimi ni kumvisha baba shada la maua shingoni na, wakati mikono yake inashughulika kupungia watu, nimnyang'anye koleo.

Baba alikuwa anapofuka. Daktari alituambia sote wawili, kwa Kinyarwanda kisicho na mafumbo, kwamba ni presha ya macho, kwamba dawa itazuia kidogo, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Baba akamshukuru kwa heshima zote, akanunua dawa, akaifungia kabatini, na asubuhi yake akapanda ngazi nyumbani kwa mtu. Nilipomfokea alinijibu kwamba yeye anaona kwa vidole. Baba yangu ni mtu ambaye ukimwambia aache jambo, umempa sababu ya kulifanya mpaka siku ya kuzikwa.

Adui wake ndiye aliyenifungua macho, na hilo neno nalitumia kwa uchungu. Huyo mzee na baba walijifunza kazi pamoja Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa fundi mmoja, wakarudi Gisenyi msimu mmoja, na tangu hapo wakaishi kwa kutukanana. Baba alimwita mubomoaji. Yeye alimwita baba redio, kwa sababu haizimiki. Ni mzee mfupi, mvivu wa maneno, anavaa koti zito hata jua likiwaka. Siku moja alikuja kwenye meza yangu ya vitenge karibu na Grande Barrière, kituo cha mpakani, akapapasa kitenge kimoja kama mtu anayetaka kununua, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Akaniambia bila kuniangalia kwamba jirani yetu alimwita kwa sababu bomba la maji jikoni lilikuwa linauma. Ukifungua maji, umeme unakupiga. Baba ndiye aliyekuwa ameunga nyaya za nyumba ile wiki iliyotangulia.

Yule mzee aliziunga upya kimya kimya, akamwambia mwenye nyumba kwamba panya wamekula waya. Panya wa watu walisingiziwa, na mtaa mzima ukaanza kutafuta sumu. Kisha akakunja kitenge changu vibaya, akakirudisha mezani.

"Mara hii ni bomba," alisema. "Mara ingine itakuwa mutu."

Ndipo tukakubaliana tumstaafishe kwa makofi. Kwa nguvu haikuwezekana, na kwa ukweli tuliogopa. Kwa hiyo nilienda kwa paroko, nikaongea kwa unyenyekevu ambao watu wa nyumbani kwangu wasingeamini, nikasema ni aibu mtaa kutowakumbuka wazee waliouwashia taa. Paroko alikubali kabla sijamaliza. Ni baba na huyo adui wake waliofunga umeme wa kanisa, tena wakagombana humo ndani hadi mwanakwaya mmoja akaziba masikio.

Na lazima niseme kwamba walistahili. Baba alifunga taa kwa wajane wengi kutoka hapa hadi Kanama bila kulipwa, ingawa bure haikuwa bure kamili, maana kila mjane alipigwa mahubiri marefu kuhusu uovu wa kuchomeka pasi, jiko na redio kwenye soketi moja. Wakati wa matetemeko ya volkano, watu walipokuwa wanapandisha magodoro kwenye magari kukimbilia milimani, wazee hawa wawili walibaki. Walipita nyumba kwa nyumba, kuta zikiwa zimepasuka, wakizima umeme ili nyumba zisiungue. Baba pia alikula alichokikuta kwenye masufuria, na aliporudi mama alimwambia kwamba wezi wa kawaida angalau hawasifii mapishi. Wengine wetu tulikuwa tumekwisha kufika mbali, tunasali.

Sasa nieleze habari ya kofia, kwa sababu bila hiyo hafla yetu haieleweki. Zamani, wakiwa bado vijana upande wa Goma, mwenzao mmoja alikufa darini kwa sababu mtu fulani chini aliona umeme umezimwa akauwasha. Tangu hapo wakajiwekea sheria. Fundi akizima umeme ili afanye kazi, anatundika kofia yake juu ya swichi kuu. Kofia ikiwa pale, hakuna anayewasha mpaka mwenye kofia aje kuitoa kwa mkono wake mwenyewe. Sheria hiyo walivuka nayo mpaka, wakaifundisha kila fundi waliyemlea, na leo hakuna fundi Gisenyi atakayegusa swichi yenye kofia, hata umwahidi mbingu. Baba aliitumia vibaya pia. Alipotaka kulala mchana sisi tukiwa tunaangalia televisheni, alizima, akatundika kofia, akaenda kukoroma. Nasi tulikaa tukiitazama ile kofia ya sufu yenye rangi za timu ambayo hata yeye alishaacha kuishabikia, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Siku ya hafla ilikuwa Jumapili, baada ya Misa. Baba na adui wake walivishwa mashada ya maua, wakakalishwa mbele kwenye viti vilivyofungwa utepe, kila mmoja ameshika Fanta yake kana kwamba wanapigwa picha ya pasipoti. Nyuma yao walijaa mafundi waliofundishwa nao. Zawadi zilitolewa mapema, na hapo nilitaka ardhi inimeze: kamati ilikuwa imewanunulia mafundi umeme wazee kila mmoja tochi. Baba aliigeuza mkononi, akamuuliza paroko kwa sauti kama hii ni zawadi au ni malalamiko. Kisha mkuu wa mudugudu akashika maikrofoni. Akaanza na uumbaji wa dunia, jinsi Mungu alivyosema iwe nuru, na kwa mwendo aliokuwa nao tungefika kwenye umeme wa Gisenyi wakati wa kuwasha taa za jioni.

Alikuwa bado yuko kwa Nuhu sauti ilipokatika na taa zikazimika. Baadhi yetu tulimshukuru Mungu kimoyomoyo. Tulidhani umeme umekatika mtaani, lakini saluni ya ng'ambo ya barabara ilikuwa inaendelea na muziki wake. Mtu wa spika akatoka kwenda kuangalia swichi kuu karibu na mlango, akarudi amekunja uso, akasema kuna kofia.

Mafundi wote waliinuka, halafu wote wakakaa tena. Mkuu wa mudugudu akaagiza umeme uwashwe. Hakuna aliyesogea. Akaagiza tena kwa kutaja cheo chake. Adui wa baba aliinuka polepole, akaenda na Fanta yake, akasimama mbele ya ile swichi na koti lake zito, akamwambia paroko kwa upole kwamba hata askofu akija atangoja. Basi ukumbi mzima uliokuja kuwaheshimu mafundi ukakaa kimya unatii kofia ya sufu, na sambaza zikapoa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetazama kiti cha baba, na kilikuwa kitupu. Yule mzee pale mlangoni alinitazama, nami nikamwelewa. Baba alikuwa mahali fulani peke yake, ana nyaya mikononi, na atakachokiunga ndicho kitakachorudi kwenye ile maikrofoni ya chuma. Nilimkasirikia mkuu wa mudugudu kwa hotuba yake, lakini si kwa kiwango cha kutaka afe.

Nilimkuta baba kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, kule wanakotundika majoho ya kwaya. Amevaa suti, amesimama juu ya kiti, kiti kiko juu ya meza. Dirisha lilikuwa nyuma yake na mwanga ulitosha kabisa. Soketi ya ukutani, juu karibu na dari, iliyokuwa inalisha spika ilikuwa imefunguliwa, matumbo nje, na imeungua upande mmoja. Hakuwa anafanya chochote. Alikuwa ameshika waya mmoja huku na mwingine huku, anavisugua vidole juu yake.

"Uko nani?" aliuliza.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nikamwambia ni mimi. Akaanza kulalamika mara moja, kwamba tangu yule bwana aanze kuongea ile soketi ilikuwa inalia na kunuka, na ukumbi mzima una pua lakini hakuna aliyenusa. Akanyoosha mkono mmoja chini kwangu.

"Hii iko rangi gani?"

"Buluu, Papa."

"Na ile?"

"Ile ni kijani."

Nilisikia watu ukumbini wakikohoa. Baba akasema kwamba kwake zote ni moja, akalisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia, na mpaka leo sijui alilijuaje.

"Bomba ya jirani. Ni mi, ao ni panya?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nao wa kutosha, maana hafla nzima ilikuwa uongo niliouvalisha utepe. Nilimtazama pale juu, soksi zake haziko sawa, moja ya kahawia na moja nyeusi, na mdomo ukakataa.

"Ni wewe, Papa."

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, ningezijibu. Alishuka kwanza mguu mmoja, akautafuta ukingo wa meza kwa kidole gumba, kisha mwingine. Akanipa bisibisi. Mimi, ambaye nyumbani nikibadilisha balbu namwita mtu wa kunishikia kiti, nikapanda. Alinielekeza kutoka chini: buluu iingie wapi, kijani wapi, vuta uone kama imeshika, kaza. Akanitukana nilipokaza ovyo, akaniambia hata mubomoaji anakaza vizuri kuliko mimi. Matusi hayo yalinipa nafuu kidogo. Nilipomaliza akapanda mwenyewe kupapasa kila kiungo, nikamshika kiunoni, na sikumwambia kwamba namshika.

Akaenda kwenye swichi kuu kwa mkono ukutani. Adui wake akampisha. Akatoa kofia, akaivaa pamoja na suti na shada la maua, akawasha. Ukumbi ukapiga makofi, mkuu wa mudugudu akakimbilia maikrofoni, lakini paroko, Mungu ambariki, alikwishampa baba.

Alianza kwa Kinyarwanda, akamshukuru Mungu na kina mama wa sambaza. Halafu akaingia kwenye Kiswahili kama afanyavyo kila mara akizungumza habari za kazi, kwa sababu kazi alijifunza kwa Kiswahili.

"Macho yangu imekwisha," alisema. "Mi najijua. Kama munaniita kesho, nitakuja. Basi musiniite."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeitaka sentensi hiyo, nimeipangia ukumbi, viti na Fanta, na nilipoisikia nilitamani airudishe mdomoni. Nililia mbele za watu na sikujificha. Sista wa zahanati, ambaye friji ya chanjo zake baba ameiponya mara nyingi na kuitukana kila mara, aliinua mkono kama mtoto wa shule, akauliza kwa hofu ya kweli kwamba sasa wao watamwita nani.

Baba akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akakosea kidogo, akaelekea kwenye pazia. "Muite ule mufupi," alisema. "Nimemutukana miaka yote juu anafanya muzuri. Kama angefanya mubaya, ningemuhurumia."

Yule mzee aliweka Fanta sakafuni, kitu ambacho baba angemkaripia kukifanya karibu na umeme. Baba akarudisha maikrofoni kwa paroko, akageuka ili arudi kwenye kiti chake. Kwa miezi yote ile alikuwa ametudanganya kwa kukariri njia, kwa kugusa ukuta kana kwamba anaukagua. Sasa aliacha. Alisimama katikati ya jukwaa, akanyoosha mkono hewani mbele ya mtaa mzima, akangoja mtu amshike.

Mimi nilikuwa mbali. Aliyemfikia kwanza ni adui wake. Alimshika kwenye kiwiko, wakashuka pamoja polepole, na njia nzima hadi kwenye viti alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini mahali waya za spika zilipopita sakafuni.