Nikuze na Sabuni Iliyopotea

Nikuze amefua mashuka ya gesti yetu hapa Nyaishozi miaka kumi na minne, na mimi Allen nimepika humo miaka tisa, kwa hiyo ninapomwelezea sibahatishi. Ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye haraka. Wazazi wake walitoka Rwanda wakaja kulima vibarua Rugu, na walimlea kwa neno moja tu: usiguse cha mtu. Hata chumvi jikoni kwangu hachukui bila kuomba. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata yananiaibisha.

Mwaka juzi mwenye gesti, Mama Tukahirwa, alichimbisha kisima kirefu akavuta bomba mpaka ndani. Tulifurahi mno. Miaka yote tulitegemea tanki la maji ya mvua, na kiangazi kikikaza tulihangaika na madumu. Padri aliitwa akalibariki bomba, ng'ombe akachinjwa, mifereji ya paa ikang'olewa ikatupwa nyuma ya choo. Maji yenyewe yalikuwa maangavu, hayana hata unyasi. Mama akanogewa, akanunua na mashine ya kufulia na hita ya maji ya kuoga wageni.

Hapo ndipo sabuni ilipoanza kupotea. Mfuko wa sabuni ya unga uliotufikisha mwisho wa mwezi ulikuwa unakwisha katikati. Na mashuka, badala ya kung'aa, yakawa na rangi ya majivu, tena yanakwaruza. Mtu akijumlisha hayo mawili anapata nini? Anapata mfuaji anayebeba sabuni kwenda nayo kwake, huku mashuka ya watu akiyasuuza kwa maji matupu. Sisi ndivyo tulivyojumlisha, na mimi nilikuwemo.

Nikuze alisema, si mara moja, "Naitia yote, lakini haitoi povu." Nani angemsikiliza? Nani angeyasingizia maji yaliyobarikiwa na padri? Mama Tukahirwa akaanza kumpekua kapu kila jioni getini. Mama ametoka kwa wafugaji, si mtu wa maneno mengi. Alipekua kimya, na Nikuze akasimama kimya, kitenge amekibana kwapani, macho barabarani. Sijapata kuona mtu akizeeka upesi vile. Siku moja alikuja jikoni akaninong'oneza, "Allen, labda nimesahau kufua." Nilikuwa namenya ndizi, nikaendelea kumenya. Hadi leo naona haya.

Wiki ya tatu Mama akatamka mbele yetu sote kwamba Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya Nikuze. Nyaishozi ni ndogo. Ukifukuzwa kazi kwa sababu ya sabuni, kufikia Jumapili kanisa zima linajua, na hakuna atakayekupa hata kitambaa ufue.

Alhamisi asubuhi hita ikafa. Akaitwa fundi Yustus kutoka Kayanga, akaifungua uani. Alipochomoa koili tulishtuka: chuma ambacho hakizidi unene wa kidole kilikuwa kimenenepa kama muhogo, kimevaa ukoko mweupe. Akaugonga kwa bisibisi, ukadondoka vipandevipande.

"Maji yenu ni magumu," akasema. "Yana chokaa ya mawe ya chini huko. Yakichemka, inaganda hapa. Mashine ya kufulia nayo itakuwa hivihivi."

Nikuze alikuwa anapita na beseni. Akasimama. "Fundi, hiyo chokaa imo hata yakiwa ya baridi?"

"Imo. Huioni tu."

Akalitua beseni palepale, akatoka getini bila kuaga. Yeye asiyepanda pikipiki hata akiumwa, siku hiyo alipanda kwenda Rugu na kurudi. Alirudi na chupa ya maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati la nyumba yake. Chupa nyingine kama hiyo akaijaza bombani, akaziweka zote mbili mbele ya Mama Tukahirwa.

"Shikamoo, Mama. Naomba ukate sabuni ya mche vipande viwili sawa, kwa mkono wako. Kila chupa kipande kimoja, kisha tikisa. Mimi sigusi kitu."

Mama akamtazama sana, halafu akakata, akatia, akatikisa. Ya mvua ikajaa povu mpaka shingoni. Ya bomba haikutoa kitu. Mabonge meupe tu yalielea, kama maziwa yaliyokatika. Mama akaongeza kipande cha pili. Hakuna. Kwenye cha nne ndipo povu likachungulia.

"Lakini padri aliyabariki!" nikaropoka.

"Aliyabariki tunywe, Allen," Nikuze akasema. "Kufua hakukutaja."

Yustus ndiye aliyecheka wa kwanza. Mama Tukahirwa hakucheka. Aliweka chupa chini, akamshika Nikuze mkono kwa mikono yake yote miwili, mbele ya fundi, mbele ya mlinzi, mbele ya wageni wawili waliokuwa wanasubiri chai.

"Nimekuita mwizi," akasema. "Sikukuita kwa mdomo, lakini nimekuita kila jioni. Nisamehe, mwenzangu." Kisha akamgeukia mlinzi na kumwamuru mifereji irudishwe kwenye paa siku hiyohiyo.

Nikuze alikuwa na maneno tayari, makali, ya wiki tatu nzima. Aliniambia baadaye kwamba mengine aliyaandaa kwa Kinyarwanda kwa sababu Kiswahili hakikuyatosha. Hakutoa hata moja. Alisema tu, "Basi naomba nikae kidogo," akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akashusha pumzi ndefu.

Nikampelekea chai, nikachuchumaa kando yake. "Dada, hata mimi nilidhani ni wewe."

"Najua," akanijibu, akipuliza chai. "Hata mimi. Wiki hii, kabla ya kutoka, nilikuwa najipekua kapu mwenyewe nione kama sabuni imo."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika, nami nikacheka huku machozi yakinitoka.