Samaki wa buluu anayewaua wenzake sebuleni kwa Fundi

Saa mbili asubuhi, Fundi anazamisha mkono hadi kwapani katika tangi la maji ya chumvi sebuleni kwake. Kabla hajashika jiwe, anauchomoa mbio. "Yalaa! Kaniuma tena!"

Aliyemuuma ni samaki wa buluu mwenye mkia wa njano, hazidi kidole gumba. Hapa nyumbani wanamwita Mwenye Nyumba.

Hatua tatu kutoka kwenye tangi kuna kitanda. Mkewe amelala hapo tangu kiharusi kimpige miezi minane iliyopita. Ubavu wa kulia hausogei, ulimi hautamki kitu. Macho ndiyo yanayozunguka, na sasa yanamfuata mumewe.

Huu ni mwaka wa kumi na tisa Fundi anatunza matangi ya samaki, kumi na moja kwa sasa, ya hoteli, ofisi na nyumba za wenye nazo. Kwake hapakuwa na hata kopo lenye samaki.

"Aliniomba miaka yote," ananiambia. "'Wewe unapamba nyumba za watu, mimi naangalia ukuta.' Namwambia ngoja, mama, mwezi ujao. Mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka akaanguka jikoni. Ndiyo kwanza nikaleta tangi. Mjinga mimi!"

Hospitali imemrudisha mgonjwa nyumbani. Hawana la kufanya zaidi. Fundi amebaki na hamu moja tu: mkewe aone tangi lililojaa samaki, japo mara moja.

Kinachomkwamisha ni kosa lake mwenyewe. Maji mapya ya chumvi huwa makali, kwa hiyo Fundi huanza na samaki mmoja mgumu wa kufa, na maji yakitulia humtoa upesi. Akicheleweshwa, huona tangi zima ni lake. Wateja Fundi huwaonya kila siku. Kwake alimwacha miezi miwili.

"Mama alikuwa anamwangalia," anajitetea. "Ningemtoaje, nimwachie maji matupu?"

Basi balaa likaanza. Samaki sita wameingia, sita wameuawa, mgonjwa akishuhudia.

Leo ni zamu ya wa saba, wa manjano, mpole kupindukia. Fundi amepanga upya mawe ya juu ili Mwenye Nyumba asijue tena kwake ni wapi. Na kweli, mbabe anazubaa. Mdogo wa mgonjwa, anayemuuguza dada yake, anaangua kicheko: "Leo kapewa notisi ya kuhama!" Hata mgonjwa anainua pembe ya kushoto ya mdomo, kama anayetabasamu.

Robo saa haifiki. Mwenye Nyumba anachagua pango jipya, kisha anachomoka. Anamng'ata mgeni mkia, mapezi, tena na tena. Fundi anakimbilia wavu, anamwopoa wa manjano akiwa hoi. Anapogeuka, mkewe amefumba macho, na chozi linamteremkia hadi sikioni.

Mimi mwenyewe naona aibu kushika kalamu.

"Nabomoa lote," anasema Fundi, akitafuta mpira wa kunyonyea maji. Mwenye Nyumba hakamatiki mpaka mawe yote yatolewe, hata yale ya chini yaliyozama mchangani. Lakini mchanga ukitibuliwa, maji yanaharibika, na mpaka yafae tena kwa samaki ni wiki sita.

"Shemeji, acha," mdogo wa mgonjwa anamsihi. "Kaa naye tu."

"Nikikaa naye nitamwambia nini?"

Mpango wake ananieleza haraka haraka. Mbabe atahamia kwenye ndoo yake peke yake. Maji yakitulia, wataingia samaki kumi kwa mpigo, wapole watupu, na kitanda kitasogezwa hadi kwenye kioo.

Namuuliza daktari amempa mgonjwa muda gani.

"Sijamuuliza," anasema, akiinua jiwe la kwanza. "Nikimuuliza atanijibu."