Fulana za Watu Ambao Hawajakamatwa

Jua la saa nne asubuhi linapiga uani kwa Luzviminda Bacani. Fulana za njano mia moja na ishirini zimeanikwa kambani. Upepo ni haba, lakini mikono ya fulana inapunga.

Luz, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni fundi cherehani. Mwaka wa tisa huu anawashonea mahabusu wa gereza lililo kando ya Manila. Kila fulana humpa peso thelathini na tano.

Mtaani kwake San Telmo kumetulia kupita kiasi. Uwanja wa mpira wa kikapu umeota majani. Daftari la walinzi wa mtaa halijaandikwa wizi tangu Februari mwaka jana.

"Simu naiacha dirishani," anasema. "Aichukue nani? Vijana wako wapi?"

Miaka mitatu iliyopita, vibaka walipokuwa wamejaa, aliagizwa fulana mia mbili kwa mwaka. Mwaka huu, mia sita. Wizi umekwisha, gereza linafura, na wengi waliomo hawajasomewa hata kesi. Anayeona hesabu hiyo ni ya kawaida, na aje asimame uani hapa.

Wiki iliyopita mzabuni anayeliuzia gereza fulana hizo alileta oda ya mwakani: fulana mia tisa.

"Za nani?" Luz alimuuliza. "Waliomo wana zao."

"Za watakaokuja, mama."

"Watakuja kwa kosa gani?"

"Wewe shona. Kosa si kazi ya fundi."

Tangu siku hiyo Luz huwatazama wapita njia mabegani, akikisia saizi zao.

Huku kwao bibi harusi hajaribu gauni kabla ya siku yenyewe. Akilivaa, harusi huvunjika. Jirani yake, Nenita Salonga, ndiye aliyeitumia imani hiyo. Alimleta mwanawe, akamvika fulana ya njano mbele ya kioo.

"Kama gauni linavunja harusi," alisema, "hii nayo ivunje kifungo."

Sasa akina mama hupanga foleni na wanaume wao. Wanaume wanavaa, wanajitazama, wanavua, wanaondoka bila kuaga.

Aliyegoma ni Crisanto, mume wa Luz, dereva wa bajaji. Mwezi uliopita wenzake watatu walichukuliwa na polisi kijiweni. Hakuna mtu aliyelalamika kuibiwa chochote.

"Vaa, baba," Luz anamwambia leo.

"Nijipime jeneza na sijaugua?"

"Jeneza halina mikono. Vaa."

"Majirani watanicheka."

"Mara ya mwisho umemsikia nani akicheka mtaa huu?"

Oda bado haijasainiwa, na Luz ameshaamua. Atashona mia sita tu, za kuwabadilishia waliomo ndani zikichakaa, na hakuna fulana itakayotoka uani kabla ya kuvaliwa na mtu aliye huru. Pengo la pato atalijaza kwa sare za shule.

"Wa kuzivaa hizo najua walipo," anasema. "Nawaona wakipita."

Crisanto anaivaa. Mabega yanamkaa. Urefu unamkaa. Anageuka mbele ya kioo, uso umempauka.

"Mama, mbona kama nilipimwa?"

Luz anamvua fulana. Ikiwa bado na joto la mwili wake, anashika mkasi, anaipasua katikati ya kifua.

"Mwambie mzabuni," anasema, "ni mia tano tisini na tisa."