Mguu wa Naomi

Nilipokuwa mtoto kule Mlola, mdogo wangu Naomi alikuwa na kitu ambacho mimi sikujaliwa: alizaliwa akitanguliza miguu. Kwetu, mtoto wa namna hiyo akimkanyaga mtu aliyeshtua msuli, mtu huyo anapona. Basi watu wazima walikuwa wanakuja asubuhi, wanalala kifudifudi mkekani, naye anapita juu ya migongo yao kama kuku barazani. Wakiondoka wanamwachia yai au kipande cha muwa. Mimi, dada yake, kazi yangu kukunja mkeka.

Nilimwonea wivu mpaka nikawa napima nyayo zangu na zake kwenye tope. Zangu kubwa! Nikasema, huyu ananizidi nini?

Enzi hizo tulikuwa na shamba la ujamaa. Siku ya kuvuna viazi, mama alikuwa anapanda mteremko na tenga kichwani, mguu mmoja ukateleza, wa pili ukabaki nyuma umenyooka. Alisema alisikia kitu kimekatika ndani ya shavu la mguu, ta! kama kamba ya mbuzi. Shangazi Raheli akamrudisha nyumbani kamshika kwapani.

"Naomi yuko wapi?" Ndilo neno la kwanza la mama.

Naomi alikuwa Magamba kwa bibi, mpaka keshokutwa.

"Mama, mimi nipo," nikamwambia.

Akacheka huku anauma meno. "Wewe ulitanguliza kichwa kama watu wote."

"Tena kichwa kigumu," shangazi akadakia. "Nenda kachote maji."

Shangazi alipotoka kutafuta kuni, mama akasinzia, kalala kifudifudi. Nikapanda. Nilikanyaga pale pale palipouma, kwa uzito wangu wote, nikiwaza kwamba mzito ataponya upesi kuliko mwepesi. Mama alipiga yowe mpaka majirani wakaja mbio. Kufika jioni mguu umevimba, umekuwa mweusi kama biringanya. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mdogo wako amekukosea nini?"

Naomi akarudi, akamkanyaga taratibu mara tatu. Na sharti lilikuwa hili: aliyekanyagwa asiguse jembe wala mzigo siku saba, asije akauondolea mguu wa mtoto nguvu zake. Siku ya nne balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza mbona mama haonekani shambani.

"Amekanyagwa na Naomi," shangazi akamjibu.

"Aa, basi," akasema balozi, akaenda zake.

Mama akalala siku zake saba, akaanza kuchechemea, halafu akatembea. Kijiji kizima kikamsifu Naomi.

Mimi sikusoma, lakini nimeshtua misuli yangu mwenyewe mara nyingi, nikaona nyama iliyochanika inavyojiunga. Inataka kuachwa itulie, kisha izoeshwe pole pole. Ukiivamia mapema unaichana upya, kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo Naomi alimpa mama siku saba za kulala ambazo hakuna mtu, hata baba, angempa.

Ungedhani kujua hivyo kumenitoa wivu. Umezidi. Dawa ingekuwa kwenye unyayo, ningesema Mungu hakunijalia. Kumbe dawa ilikuwa kumwambia mama, "Lala, nitabeba mimi," na hilo hata mimi niliyetanguliza kichwa ningeliweza.