Baba aliomba azikwe kama mama wa bosi wake Myahudi, ukoo ukanitoa jasho

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili nimekaa nalo muda, leo nalitua. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na kama kuna mtu wa kijijini kwetu Samuye, Shinyanga, anapita humu aliyekuwepo siku ile, anisahihishe nikikosea. Mwenye haraka apite tu, uzi una kona kidogo.

Marehemu baba alikuwa dereva. Miaka mingi alimwendesha mwanajiolojia mmoja, Myahudi, kwenye kampuni ya utafiti wa madini huko Geita. Alimwita Bosi Eli. Kazi yao kushinda porini wakichukua sampuli za udongo, wanarudi kambini wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

Siku moja Bosi Eli akapigiwa simu, mama yake kafariki. Baba akamkimbiza airport Mwanza. Njiani akamuuliza, bosi, kwani hawawezi kukusubiri? Akajibiwa kwamba kwao maiti haisubirishwi. Akikosa ndege ya siku ile atakuta wameshazika.

Ndipo akamwelezea. Marehemu anaoshwa na watu wa kujitolea, anavishwa sanda nyeupe, tajiri na maskini sanda ileile, na haina mfuko. Hachomwi dawa za kumhifadhi. Sanduku ni mbao tupu, halina misumari ya chuma wala vanishi, ili lioze pamoja naye. Kwao Israeli wengi hawatumii hata hilo sanduku. Mtu anarudishwa udongoni, basi.

Baba alitoka na hiyo habari na hakuiacha tena. Ukienda kumsalimia, kabla hujamaliza uji ameshafika kwenye sanda isiyo na mfuko.

"Mimi nimeila ardhi maisha yangu yote," alikuwa anasema. "Nimewapeleka watu kuitoboa kila kona. Nikifa nayo iacheni inile. Msiniwekee zege katikati."

Sisi tunacheka. Mzee na mambo yake.

Alipougua akaacha utani. Alituita mimi mtoto wake mkubwa, mama, na baba mdogo anayefanya biashara Nyahanga, Kahama. Akasema anataka sanda, bila jeneza, bila zege, bila vigae. Azikwe kwenye kona ya ngitili yake, lile eneo la malisho tunalolifunga mpaka kiangazi kikali ndiyo ng'ombe waingie. Juu yake tupande mti wa mgunga.

Baba mdogo akaitikia, "Sawa kaka." Mkumbuke hilo.

Baba akafariki. Wakuu, hapo ndipo nilipowajua ndugu zangu.

Nilianza vizuri. Nikamtafuta Jumanne, kijana aliyechimba dhahabu machimboni siku nyingi, sasa ndiye kiongozi wa wachimba makaburi pale kijijini. Nikamwambia Mzee atazikwa kwa sanda, achimbe kirefu kwa sababu ya fisi. Akasema, "Nimekuelewa, bro. Hiyo niachie mimi." Akaenda na vijana wake ngitilini.

Narudi nyumbani nakuta kikao kimeshanihukumu.

Mmoja anasema Mzee alisilimu kwa siri. Mwingine anasema hapana, ni Freemason, ndiyo maana alikuwa anatembea na mzungu porini. Shemeji mmoja akauliza kwa sauti, mbele ya mama, kwamba huyo Myahudi alimpa nini mpaka akakubali kuzikwa bila jeneza. Nilitamani kucheka nikashindwa, maana nilikuwa na msiba.

Nikajaribu kuwaelewesha. Nikawaambia jamani, mnaimba Sayuni kila Jumapili, na Yesu mnayemwimba alikuwa Myahudi, akaviringishwa sanda akazikwa. Hakukuwa na jeneza la vishikio vya dhahabu pale. Mbona huyo hamumwiti Freemason?

Shangazi akasema, "Ndiyo, lakini yule alikuwa Yesu."

Nikajaribu upande wa mazingira. Mimi nili-google sana kipindi baba anaumwa. Huko Ulaya na Marekani sasa kuna watu wanatafuta makaburi ya asili, hawataki madawa, hawataki zege, wanapanda mti juu, wanasema tusiichafue ardhi wakati wa kuondoka. Wanaona wamegundua kitu. Wayahudi wenyewe hawakuanzia kwenye mazingira, walianzia kwenye neno kwamba u mavumbi na mavumbini utarudi. Waislamu nao ni hivyohivyo. Njia tofauti, lakini wanakutana palepale udongoni.

Na babu zetu sisi Wasukuma? Mwenye mji alikuwa anaviringishwa ngozi ya ng'ombe akazikwa zizini. Jeneza na vigae vilikuja lini hapa?

Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa upole ambao uliniudhi kuliko matusi.

"Mwanangu, mimi sipingani na kaka. Ila watu watasema tumemtupa. Na fisi je? Na hawa wachimbaji, wakisikia kuna dhahabu hata karibu na choo wanafukua. Kaburi lisilo na zege nani atalijua?"

Hoja ya fisi ilikuwa na maana, sikatai. Nikasema tutachimba kirefu, tutaweka mawe na miiba. Akatikisa kichwa. Kumbe jeneza alishalinunua Kahama, liko njiani kwenye Fuso pamoja na vigae.

"Si ulimwambia sawa?" nikamuuliza.

"Mgonjwa unamjibu nini sasa?"

Nilichoka. Mama alikuwa ndani hasemi kitu, amezungukwa na kina mama. Nikakubali nusu. Nikaomba tu tumwoshe sisi wenyewe, mimi na binamu zangu, tumvishe sanda nyeupe badala ya suti, halafu jeneza lao waweke. Wakaridhia. Roho iliniuma, kwa sababu baba aliniomba kitu kimoja na mimi nimepata kipande.

Kwenye purukushani hiyo yote hakuna aliyekumbuka kumwambia Jumanne kwamba mpango umebadilika. Mimi pia sikukumbuka. Mpaka leo kuna wanaoapa nilipanga. Sikupanga.

Siku ya mazishi tukaenda ngitilini. Mchungaji akaongoza ibada, nyimbo zikaimbwa, jeneza likaletwa kaburini. Jeneza kubwa, linang'aa, vishikio vimetokeza pembeni.

Halikuingia.

Jumanne ni Muislamu, na kaburi la sanda analolijua ni moja tu. Nilipomwambia sanda alichimba la kwao, juu jembamba, chini kabisa akachonga mwanandani, ule mfereji wa kulaza mtu mmoja tu. Na kwa mkono wa mchimba dhahabu, kuta zimenyooka utadhani zimepigwa rula.

Baba mdogo akamgeukia. "Hili ni kaburi la nani?"

Jumanne akashika kofia yake. "La Mzee. Niliambiwa sanda, nimechimba la sanda. Jeneza nimeliona hapahapa na nyie."

Wakajaribu kulitanua. Sururu inagonga mwamba, jua liko utosini, wingu la mvua linajikusanya upande wa pili. Watu wakaanza kunong'ona kwamba marehemu amekataa. Mchungaji anaangalia saa, baba mdogo anatokwa jasho kwenye koti lake la suti, mimi nimesimama sijui nilie au nipige mtu ngumi.

Mama akasimama. Tangu msiba uanze ndiyo nasikia sauti yake.

"Shemeji," akamwambia baba mdogo, "kaka yako ulimwitikia mbele yangu. Mtoeni humo."

Mchungaji akasema, "Mavumbini tulitoka, sioni kosa," akafunga kitabu akangoja.

Tukafungua jeneza. Baba yuko ndani ya sanda yake. Tukamnyanyua kwa shuka, na hapo Jumanne akasema kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekifikiria.

"Sanda haishushwi kwa kamba. Lazima ndugu yake ashuke ampokee."

Mimi nikaanza kuvua viatu. Nageuka, baba mdogo ameshavua koti, ameshashuka, yuko kule chini kwenye mwanandani amenyoosha mikono.

Tukamteremsha. Baba mdogo akampokea kifuani kwake, akamlaza taratibu, akamnyoosha, kisha hakupanda. Alipiga magoti mle chini mkono wake uko begani kwa kaka yake, analia kwa sauti, mtu mzima yule ambaye tangu msiba uanze alikuwa anapanga magari na mahema. Tulimwacha mpaka alipotaka mwenyewe kutoka.

Tulifukia kwa mikono na majembe. Juu tukapanga mawe na miiba kwa ajili ya fisi. Kumbe Wayahudi nao ukienda kutembelea kaburi unaacha jiwe. Kwa hiyo sasa kila ndugu anayepita analeta lake, na mgunga umeshashika. Kaburi halijapotea na hakuna aliyelifukua.

Lile jeneza? Fundi wa Kahama alikataa kulipokea. Liko stoo kwa baba mdogo Nyahanga, mkewe hataki hata kufagia humo.

Wiki iliyopita kanipigia simu. Salamu, hali ya ng'ombe, mvua, akazunguka wee. Mwishoni akauliza, "Eti ile sanda ya kaka ilikuwa kitambaa gani?"

Nikamwambia ni pamba ya kawaida, nyeupe.

"Haina mfuko?"

"Haina, Baba mdogo."

"Haya. Siku nikikuomba na mimi, usije ukaniitikia tu."

Nilichojifunza: mgonjwa akikuomba jambo, usimjibu "sawa" ya kumtuliza. Bora umkatalie akiwa hai, mbishane yaishe. Na kama unataka kuzikwa tofauti na watu wa kwenu, waambie wengi, tena mapema, wakiwemo wachimba kaburi.

Karibuni kwa maoni, wakuu. Kwenu mnazikaje, na je, kuna aliyewahi kushuka kumpokea mtu wake? Wa Freemason naomba mpumzike kidogo, nimechoka.